CHUMA KUUKUU, KAZI MPYA
Kikundi kinaweza kujitengenezea mkokoteni wenye kibanda cha kulala shambani



Toleo hili tunataka tuzungumze juu ya vyuma kuukuu. Huenda mtu akacheka na kusema, "Ati kanisa nalo limeanza kuuza skrapu?" La, hatuuzi kitu. Lakini tumeona jambo ambalo likifanywa vizuri litapunguza mzigo mabegani mwa akina mama, na likifanywa vibaya litaleta kilio. Kwa hiyo tulitazame kwa njia yetu ya siku zote: tuone, tuamue, tutende.

ONA: Shida yenyewe ni ipi?

Kisiwani Lamu mizigo hupita vichochoroni mgongoni mwa punda. Huko bara, yaani Hindi, Mpeketoni, Mkunumbi na Witu, mashamba yako mbali na nyumba, na njia nyingi ni za mchanga. Mahindi, simsim na korosho zikiwa tayari, mwenye mali ana kazi mbili. Ya kwanza ni kulala shambani kulinda, kwa sababu nyani huja mchana, na nyati na viboko huja usiku. Ya pili ni kusafirisha mavuno hadi nyumbani au sokoni.

Kwa kazi ya kwanza watu hujenga dungu la miti kila msimu, nalo likishaliwa na mchwa huachwa. Kwa kazi ya pili hukodi pikipiki au trakta, na sehemu ya faida huishia hapo. Mkokoteni wenye kibanda hufanya kazi zote mbili. Usiku ni dungu la kulalia, asubuhi ni gari la kubebea. Msimu wa mavuno ukiisha, kibanda hutolewa na mkokoteni ukachota maji, mchanga au mawe ya ujenzi.

Je, tununue mpya? Vikundi vingi haviwezi. Lakini magari mabovu yapo nyuma ya gereji, na ndani yake kuna ekseli, rimu, mikanda, mabomba na mabati. Hapo ndipo kikundi kinaweza kuanzia.

AMUA: Kipi kina uhai na kipi kimekufa?

Hapa tujifunze kwa mafundi wetu wenyewe. Fundi wa mashua wa Matondoni akiletewa chombo kuukuu haanzi kwa kupaka rangi. Kwanza hutazama mkuku, maana huo ndio uti wa mgongo. Kisha hugonga mbao moja moja na kusikiliza, na penye shaka huchoma kwa ncha ya chuma. Taruma zima hubaki. Ubao uliooza hutolewa. Msumari ulioliwa na kutu hubadilishwa. Baada ya hayo yote ndipo hutia kalafati na kupaka deheni. Mafundi wa Lamu walifika mbali zaidi mwaka 2018, pale Ali Skanda na wenzake walipokamilisha jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, pamoja na kandambili kuukuu. Mwaka 2019 jahazi hilo lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kwa hiyo kutumia kitu upya si ujinga wala si aibu ya maskini. Kunahitaji akili na subira.

Mkuku wa mkokoteni ni ekseli pamoja na magurudumu yake. Vingine vyote ni mbao za ubavuni. Kanuni yetu basi ni hii, na tungependa kila kikundi kiiandike kwenye daftari: Okoa pesa kwenye mwili wa mkokoteni, usiokoe pesa kwenye roho yake.

Tugawe vitu katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitu vinavyotumika tena bila wasiwasi mwingi. Hivi ni mbao ngumu, mabati, mabomba ya maji, bawaba, turubai la lori, mikanda ya usalama ya viti vya gari, na rifleksa za taa za nyuma. Visafisheni, vikateni, vitumieni.

Fungu la pili ni vitu vinavyotumika baada ya kupimwa: ekseli, habu, rimu, tairi na beringi. Hivi visinunuliwe na mtu mmoja jioni kwa haraka. Waende watu watatu, mmoja wao awe fundi.

Fungu la tatu ni vitu vya kununua vipya hata kama vya zamani vinaonekana vizuri: sili za grisi, pini za kufungia nati ya habu, bolti na nati za magurudumu zilizokwisha meno, na tyubu zenye viraka vingi. Vitu hivi ni vidogo, lakini gurudumu likichomoka njiani hakuna atakayesema vilikuwa vidogo.

Kabla ya kununua, ulizeni mali imetoka wapi. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya vyuma kuukuu, na muuzaji anatakiwa awe na leseni. Mwaka 2022 biashara hii ilisimamishwa nchini kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umeme na vya reli. Basi nunueni kwa mwenye leseni na mdai risiti. Bei ya chini bila risiti yaweza kumpeleka mwenyekiti wenu kituo cha polisi.

TENDA: Hatua kwa hatua

1. Chagueni ekseli nyepesi. Ekseli ya nyuma ya gari dogo ambalo nguvu za injini huenda magurudumu ya mbele ndiyo nzuri zaidi, kwa sababu haina gia ndani, ni nyepesi na huzunguka kwa urahisi. Ekseli ya pikapu yenye kichwa cha gia katikati nayo hutumika, lakini ni nzito, na punda atavuta chuma kisicho na kazi kila siku ya maisha yake. Mkiipata hiyo, msiondoe gia zote za ndani bila fundi anayeijua vizuri, maana katika ekseli nyingi ncha ya ndani ya shafti hushikwa na gia hizo hizo. Ekseli ya mbele yenye viungo vya usukani iacheni. Viungo hivyo vinataka kupinda, na kuvichomelea visipinde ni kutegea ajali.

2. Ipimeni kama imenyooka. Ekseli ya gari lililopata ajali yaweza kuwa imepinda na macho yasione. Iwekeni juu ya mawe mawili, magurudumu yakae hewani. Zungusheni gurudumu na kushika chaki karibu na rimu bila kuisogeza. Chaki ikigusa upande mmoja tu, rimu au habu imepinda. Kisha chukueni fimbo ndefu, mpime nafasi kati ya tairi mbili kwa mbele, halafu kwa nyuma, mkishika urefu ule ule kutoka chini. Vipimo viwe sawa. Vikitofautiana sana, tairi zitaburuza badala ya kubingirika, punda atachoka, na tairi zitaisha upesi.

3. Tafuteni nyufa. Sugueni kutu kwa burashi ya waya hadi chuma kionekane. Pakeni mafuta ya taa, hasa penye kona na penye alama za kuchomelea, mngoje robo saa, kisha mpanguse kwa kitambaa mpaka pakauke. Sasa pakeni unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Ekseli yenye ufa irudishwe skrapu. Msikubali maneno ya "tutaichomelea tu".

4. Fungueni beringi. Zioshwe kwa mafuta ya taa na zikaushwe kwa kitambaa safi. Zungusheni kwa kidole, msikilize. Beringi nzima huzunguka kimya. Ikikwaruza, ikiwa na vishimo, au ikiwa imegeuka rangi ya samawati kwa kuungua, haifai. Mkibadilisha, badilisheni beringi pamoja na kikombe chake, maana viwili hivyo vimezoeana na kuliwa pamoja. Tieni grisi mpya, mfunge sili mpya. Kazeni nati huku mkizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, halafu mlegeze kidogo ili lizunguke huru bila kuchezacheza. Malizieni kwa pini mpya. Baada ya safari ya kwanza shikeni habu kwa mkono. Ikiwa ya moto sana, mmekaza kupita kiasi au beringi ni mbovu.

5. Tairi na rimu. Tairi mbili ziwe za saizi moja, la sivyo mkokoteni utaelemea upande. Tairi ya mkokoteni haihitaji meno marefu kama ya gari la mbio. Lakini ubavu ukiwa umepasuka au nyuzi zinaonekana, iacheni. Kwa njia zetu za mchanga tairi pana ni bora kuliko nyembamba, kwa kuwa haizami sana. Hesabuni pia matundu ya rimu. Rimu ya matundu matano haiingii habu ya bolti nne, na wapo waliogundua hivyo baada ya kulipa.

6. Fremu. Mabomba na vyuma vya pembe kutoka bodi kuukuu vinatosha. Fundi anapochomelea, aondoe kwanza rangi, na pia madini meupe ya mabati, kwa sababu moshi wake ni sumu. Kazi hiyo ifanywe nje penye upepo. Chuma cha springi za gari kisichomelewe, maana joto hukifanya kivunjike ghafla kama kigae. Kifungeni kwa bolti. Kwa mkokoteni wa punda unaokwenda mwendo wa miguu, springi si lazima. Zinaongeza uzito.

7. Mizani. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na mkanda wa tumbo humkaba punda. Ukikaa mbele mno, humlemea mgongoni. Fungeni ekseli kwanza kwa muda tu, pakieni magunia, kisha mtu mmoja ainue mikono ya mkokoteni. Aweze kuiinua bila kujikaza, na akiiachia ishuke pole pole. Mkishapata mahali hapo ndipo mkaze bolti.

8. Breki. Watu husema, "Lamu ni tambarare, breki ya nini?" Lakini kuna miteremko ya gatini na ya mitoni, na mkokoteni wenye mzigo humsukuma punda kwa nyuma mpaka akaanguka. Kama ekseli imekuja na breki za mkono, zifufueni. Vumbi la breki za zamani msilipulize kwa mdomo, maana laweza kuwa na asbesto, ambayo huua mapafu. Lilowesheni kwa maji na kulifuta kwa kitambaa. Kama hakuna breki, kigogo cha mti mgumu kinachosukumwa na mkono wa chuma dhidi ya tairi kitasaidia.

Kibanda cha kulala

Pindeni mabomba matatu au manne ya maji kuwa matao, mtandaze turubai juu yake. Sakafu iwe ya mbao, na mahali pa kulala pawe juu ya sanduku la kuwekea jembe, sufuria na madumu. Mkitaka miti ya mikoko badala ya mabomba, nunueni kwa mwenye kibali cha kukata, kwa sababu mikoko ina sheria zake na ndiyo nyumba ya samaki na kaa wetu. Tundikeni chandarua ndani, maana malaria hailali.

Kuna mambo manne ambayo tunawasihi msiyapuuze.

Moja, punda afunguliwe kabla mtu hajapanda kulala. Mkokoteni uwekewe miguu minne ya kusimamia na mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mkokoteni wa magurudumu mawili usiosimamishwa hupinduka mtu akijigeuza usingizini.

Mbili, jiko la makaa lisiingizwe kibandani hata siku ya mvua. Hewa ya makaa haina harufu kali wala haionekani, na watu hulala wasiamke.

Tatu, pipa la kubebea maji lisiwe lililokuwa na dawa za pamba au dawa ya wadudu, hata mkilisuuza mara kumi. Na pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Nne, kwa sababu ya usalama wa sehemu zetu, muulizeni chifu kabla ya kulala shambani. Mahali na wakati ambapo watu wamekatazwa kulala nje, mtii. Mavuno hupatikana tena msimu mwingine.

Tena kuna barabara. Tangu njia ya Garsen, Witu na Lamu iwekwe lami, magari huenda kasi sana. Mkokoteni usio na alama usiku ni kama mwamba uliojificha majini. Zile rifleksa kuukuu zifungeni, nyekundu nyuma na nyeupe mbele. Bora zaidi, msitembee kwenye lami baada ya magharibi.

Na punda je?

Tumesema sana juu ya chuma, lakini anayevuta ni kiumbe wa Mungu. Mikanda ya usalama ya gari hufanya mkanda mzuri wa kifua, maana ina nguvu na haikatiki. Ila mkanda mmoja ni mwembamba, nao hukata ngozi. Shoneni miwili sambamba, na upande wa ndani mshone blanketi kuukuu au kitambaa cha pamba. Msitumie tyubu wala kamba ya nailoni kwenye ngozi. Huleta jasho, kisha kidonda, na kidonda cha kifuani humweka punda nje ya kazi kwa majuma.

Kisiwani Lamu hospitali ya punda ilifunguliwa mwaka 1987, na somo lake kubwa ni moja: punda asiye na kidonda hufanya kazi miaka mingi. Punda akiwa na kidonda apumzishwe, hata kama mahindi yako shambani. Maji apewe kabla ya safari na baada yake. Mkipakia, mkumbuke kwamba kile ambacho punda mmoja anavuta kwenye lami, hawezi kukivuta mchangani. Punguzeni hadi nusu, au mfunge wawili.

Mali ya wote isiwe mali ya yatima

Mikokoteni mingi ya vikundi haifi kwa kuvunjika. Hufa kwa kukosa mwenyewe. Kila mtu huitumia na hakuna anayeitia grisi. Hewa yetu ya chumvi hula chuma usiku na mchana, kwa hiyo mkokoteni uliosahauliwa pwani kwa msimu mmoja hurudi kuwa skrapu.

Tunapendekeza hivi. Chagueni mlinzi wa mkokoteni, na msaidizi wake awe mama, kwa sababu akina mama ndio watakaoutumia zaidi. Kila juma gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, lisiende safari. Kila mwezi nati zote zikazwe, na palipobambuka rangi papakwe. Kila msimu beringi zifunguliwe, zioshwe, zitiwe grisi. Ukipita kwenye maji ya bahari uoshwe kwa maji baridi siku ile ile.

Kila anayeutumia alipe kidogo, awe mwanachama au mwenyekiti. Pesa hizo zisichanganywe na mchango wa matanga wala wa harusi, maana chovya chovya humaliza buyu la asali. Mweka hazina aziandike ukurasa wake mwenyewe, na siku beringi itakapodai kubadilishwa, pesa ziwepo.

Bei za vitu hatukuandika hapa, kwa kuwa hutofautiana mahali na mahali. Pateni bei kwa watu watatu, mziandike, msomeane kikaoni, halafu ndipo mkubaliane.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu ni nani hubeba mizigo mingi zaidi, na hubebea nini?
2. Ni vyuma gani kuukuu vilivyo karibu nasi, na ni vya nani?
3. Ni fundi gani tunayemwamini kukagua ekseli, na tutamlipa vipi?
4. Mwanachama akiutumia mkokoteni na ukaharibika, tutafanyaje bila kugombana?
5. Ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kusema, "Leo mkokoteni hauendi"?

Swali hilo la mwisho msiliruke. Siku moja mavuno yatakuwa mengi, mvua itakuwa karibu, na gurudumu litakuwa linacheza. Siku hiyo awepo mtu ambaye wote mmekubaliana kumsikiliza.